Fundi wa Jumatatu, dereva wa Pasaka: mbio za magari za ridhaa na barabara za Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1966 Bert Shankland na msoma ramani wake, Chris Rothwell, walishinda East African Safari, mashindano ya magari ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa Peugeot 404. Mwaka 1967 wakashinda tena, kwa gari la aina ileile. Shankland alikuwa Mskoti aliyehamia Tanzania, na kazi yake ilikuwa ufundi wa magari jijini Dar es Salaam. Mwaka mmoja kabla yake, 1965, ushindi ulikwenda kwa Joginder Singh wa Kenya, naye fundi, aliyeendesha Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na ndugu yake Jaswant akiwa kiti cha pembeni. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1953 hadi mwaka 1971, kila aliyeshinda alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Madereva wa Ulaya waliolipwa na viwanda, wenye majina makubwa na magari mapya, walikuja na kurudi mikono mitupu mpaka mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland alipowafungulia njia kwa Ford Escort.

Jambo hilo huelezwa kwa urahisi mno. Husemwa kwamba wenyeji walizijua barabara, na maelezo huishia hapo. Lakini njia ya Safari ilibadilishwa mara kwa mara, ilizunguka nchi tatu kwa maelfu ya kilometa, na hakuna fundi wa Dar es Salaam aliyeijua kila kona ya Uganda. Alichokijua kilikuwa kitu kingine, na ili kukieleza tutatumia barabara ambazo msomaji wa Iringa na Mbeya anazifahamu kwa miguu yake: Kitonga, Mufindi, bonde la Usangu, kona za Chimala na mlima wa Chunya. Karibu kila tabu ambayo gari la mashindano lingeweza kukutana nayo Afrika Mashariki ipo katika mkoa mmoja au mwingine wa Nyanda za Juu Kusini, na zinapatikana ndani ya safari ya siku moja.

Neno "ridhaa" lilimaanisha nini

Tukisema bondia wa ridhaa tunaelewana: hapigani kwa mshahara. Kwenye magari mambo yana mafundo zaidi, kwa sababu gari lenyewe ni gharama, na mwenye gari, mwenye karakana na mwenye usukani wanaweza kuwa watu watatu tofauti.

Mashindano ya mwaka 1953, yaliyoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaligawa magari kwa bei yake dukani. Gari la bei ya chini lilishindana na la bei ya chini, la kati na la kati. Kwa hiyo tangu mwanzo hili lilikuwa jaribio la bidhaa: mnunuzi wa Iringa au Arusha alitaka kujua gari lipi litamfikisha shambani. Wauza magari walilielewa hilo haraka sana. Dereva aliyefanya kazi kwa wakala wa magari angeweza kupewa gari, vipuri kwa bei nafuu na nafasi ya kutumia shimo la karakana baada ya saa za kazi. Mshahara wake bado ulitoka kwenye kazi ya kawaida: kubadili klachi za wateja, kuuza trekta, kusimamia shamba la chai au la tumbaku.

Kwa maoni yetu, kipimo cha kweli cha ridhaa ni ratiba ya mtu wala si nani alinunua tairi. Dereva wa kiwanda alifika wiki kadhaa kabla, akapita njia, akapumzika. Dereva wa ridhaa alifanya kazi mpaka siku moja au mbili kabla ya Pasaka, akashindana, na baada ya sikukuu alitakiwa kazini. Gari lake, mara nyingi, lilitakiwa pia. Ukimtazama hivyo utaona kwa nini aliendesha kama alivyoendesha: gari likivunjika vipande, hasara ilikaa nyumbani kwake mwaka mzima.

Hesabu ya dakika

Watu wengi hudhani mshindi wa Safari ya zamani alikuwa mwenye mbio kuliko wote. Tazama jinsi pointi zilivyohesabiwa. Njia iligawanywa vipande, na kila kipande kilipewa muda wake kutokana na mwendo wa wastani. Ukichelewa dakika 1 kwenye kituo cha ukaguzi unaandikiwa pointi 1 ya adhabu. Ukiwahi, hupati ziada yoyote. Anayemaliza na pointi chache ndiye mshindi.

Chukua kipande cha kilometa 120 cha changarawe kavu kilichopangiwa wastani wa kilometa 80 kwa saa. Muda wake ni dakika 90. Anayekwenda kwa 80 anapata pointi sifuri. Anayekwenda kwa 96 anafika kwa dakika 75, anapata pointi sifuri vilevile, na dakika zake 15 hazimfai kitu isipokuwa kunywa chai au kukaza nati. Lakini ule mwendo wa 96 umechosha shokapu, umechemsha oili na umemwongezea nafasi ya kupasua tairi kwenye jiwe. Amelipa bila kununua chochote.

Sasa chukua kipande cha kilometa 60 cha matope kilichopewa dakika 50. Hapo hakuna atakayewahi, waandaaji wanajua, na hapo ndipo ushindi unapopatikana. Dereva wa kwanza anakwenda kwa kilometa 55 kwa saa. Akiwa hana bahati mbaya atatumia dakika 65 hivi. Ananasa mara moja, dakika 25 zinapita akichimba. Jumla dakika 90, adhabu pointi 40. Dereva wa pili anakwenda kwa 45, anasimama kabla ya dimbwi, anashuka, anapima kina kwa fimbo, anachagua upande wenye nyasi. Anatumia dakika 80. Adhabu pointi 30. Aliyekwenda polepole kamshinda mwenzake kwa dakika 10, na klachi yake bado nzima.

Ugumu ni kujua uko kwenye kipande cha aina gani, na kuujua kabla hujaingia. Mawingu juu ya milima ya Udzungwa saa 9 mchana yanakuambia nini kuhusu barabara ya saa 1 usiku? Mkulima wa Mufindi anaulizwa swali hilo kila wiki kwa miezi sita. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, na mashindano yalipowekwa Pasaka yaliangukia mwishoni mwa msimu huo, wakati ardhi imekwisha kushiba maji. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 yakamaliza. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya, kwa Peugeot 404. Mwaka ule wa 1963 Erik Carlsson wa Sweden, mmoja wa madereva bora wa dunia wakati huo, aliongoza kwa Saab mpaka alipomgonga muhanga, yule mnyama mla mchwa, usiku. Muhanga hatoki mchana, na hukaa penye vichuguu. Anayekaa karibu na vichuguu hupunguza mwendo hapo usiku bila hata kufikiri.

Udongo wa aina tatu

Kitu ambacho mwenyeji alikuwa nacho ni usomaji wa udongo. Tope si moja.

Udongo mwekundu wa Mufindi na Njombe ni mfinyanzi. Ukilowa, juu unateleza kama sabuni, lakini chini, sentimeta 5 hadi 10, kuna ugumu. Hapa tairi jembamba lenye kashata (meno ya tairi) ndefu hushinda tairi pana, kwa sababu linakata utelezi na kukanyaga chini. Kosa la kawaida ni kushusha upepo wa tairi ukidhani utapata mshiko kama kwenye mchanga. Ukifanya hivyo unapanua tairi na kulielea tope. Malori ya chai huchimba mifereji miwili, na gari dogo likiingia humo tumbo linalala kwenye tuta la katikati. Njia sahihi ni kupanda: magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta, ya upande mwingine ukingoni mwa barabara, gia ya pili, mguu wa mafuta usiotingishika.

Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Usangu pale chini ya safu ya milima kati ya Igawa na Igurusi, ni shida ya namna yake. Ukikauka una nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unavimba, unanata, na hauna sakafu ngumu ya karibu. Unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Magari yaliyoandaliwa vizuri yalikatwa kingo za madigadi kwa ndani ili kuacha nafasi ya kama vidole vinne. Ukinasa hapo usipige resi. Shuka, toa tope kwa panga, tandika magunia ya katani au matawi mbele ya magurudumu yanayosukuma, na weka uzito juu yake. Magari mengi ya Safari yalikuwa na vishikio nyuma ya bodi na mahali pa kukanyaga kwenye bampa, ili msoma ramani asimame pale na kurukaruka gari likitoka. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kilo 70 zilizosimama juu ya ekseli zina kazi kubwa.

Hili linaeleza pia kwa nini Volkswagen ya mgongo wa kobe, yenye injini ndogo, ilishinda miaka ya 1954, 1957 na 1962. Injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Uzito ambao wengine waliutafuta kwa msoma ramani, yenyewe ilizaliwa nao. Na haina rejeta ya kutobolewa na jiwe.

Udongo wa tatu ni ule wa volkano wa Rungwe na Tukuyu, mwepesi, unaopitisha maji haraka. Hapo mvua ikikatika kwa saa mbili tatu barabara inarudi. Dereva mgeni aliyeogopa mvua ya asubuhi alipoteza dakika mchana bila sababu.

Changarawe kavu nayo ina hila yake: vituta vidogo vilivyopangana kama mbavu. Hutengenezwa na magurudumu yenyewe yanaporukaruka na kurudi chini kwenye nafasi zilezile. Ukipita kwa kilometa 40 kwa saa gari linatetemeka mpaka meno. Ukifika 70 au 80 gurudumu linagusa vilele tu na utulivu unarejea. Utulivu huo una bei: tairi liko hewani sehemu kubwa ya muda, kwa hiyo breki na usukani vimebaki nusu. Ndiyo maana magari mengi hutoka barabarani kwenye kona ya kwanza baada ya mstari mrefu wa mbavu. Breki zishikwe mapema, gari likiwa limenyooka.

Gari: alichokifunga fundi usiku

Tuanze na hewa, kwani huku kwetu ndiyo inayowashangaza wageni kutoka pwani. Mbeya iko kwenye kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na taboo (turbo, pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Injini ya nguvu za farasi 70 inabaki na 59 au 60. Ukipanda kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba na kufika Kitulo, kwenye meta 2,600, inabaki na 54.

Kabureta haijui kwamba hewa imepungua. Inaendelea kumimina petroli karibu kama zamani, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinapata masizi, gari linakohoa na kula mafuta. Dawa ni jeti ndogo zaidi. Namba ya jeti kuu ya kabureta ya Solex ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimeta: jeti 130 ni tundu la milimeta 1.30. Kwa mwinuko wa Mbeya, hesabu inashusha kipenyo kwa kama asilimia 4, yaani jeti 125. Fundi mwenye haraka huifunga hiyo na kwenda. Kosa lake linaonekana gari linaposhuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni na Mikumi: hewa inakuwa nzito, petroli haitoshi, injini inachoma kwa joto kali, na vali ya ekzosi inaungua au pistoni inatoboka. Kwa njia inayopanda na kushuka, mwafaka ni jeti ya katikati, 127.5, na kuvumilia ukohozi kidogo huko Kitulo. Injini yenye masizi husafishwa. Pistoni iliyotoboka haitengenezwi porini.

Plagi ndiyo cheti cha matokeo. Zima injini ikiwa kwenye kasi, bila kuiacha kwanza ingurume polepole, kisha fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu kama ugoro ni sawa. Nyeusi yenye vumbi la masizi, petroli nyingi. Nyeupe kama chokaa, petroli kidogo, na hapo usiendelee. Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, inaweza kusogezwa mbele digrii 2 au 3 kwa nyanda za juu, kwa sababu mgandamizo ndani ya silinda umepungua. Irudishwe kabla ya kushuka, la sivyo injini itagonga.

Maji nayo. Mbeya maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Kitulo kwenye 91. Injini inayofanya kazi kwa nyuzi 90 haina nafasi ya kupumua. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima, kinachozuia mgandamizo wa nusu baa, hupandisha kiwango hicho cha Mbeya hadi karibu nyuzi 107. Kumbe mpira wa kifuniko, kipuri cha bei ya chini kuliko vyote kwenye gari, ndio unaoamua kama utapanda Chunya bila kusimama. Kagua mpira huo, kagua mkanda wa feni, na toa mbegu za majani kwenye matundu ya rejeta, maana nyasi za Machi zina mbegu nyingi na huziba mbele ya rejeta kama blanketi.

Breki hupimwa na kushuka. Kila meta 100 za kushuka, gari la kilo 1,200 lililojaa watu na vipuri huzalisha joto la kuchemsha karibu lita 3 na nusu za maji. Joto hilo lisipomezwa na injini litaingia kwenye dramu. Dramu ikipata moto inatanuka na kuvikimbia viatu vya breki, pedeli inashuka, dereva anapampu. Baadaye oili ya breki, hasa ya zamani iliyonyonya unyevu, inachemka ndani ya mabomba, na mvuke unabanika: pedeli inazama hadi sakafuni. Kanuni ya madereva wa malori ya Kitonga inafaa mashindano pia: teremka na gia uliyopandia, au chini yake, na ushike breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie, usiburuze mguu. Oili ya breki ibadilishwe yote kabla ya mashindano, hata kama rangi yake ni nzuri.

Chini ya injini linafungwa bamba la chuma la milimeta 4 au 5. Makosa mawili hurudiwa. La kwanza ni kulifunga kwenye injini yenyewe. Jiwe likigonga, mshtuko wote unaenda kwenye maunti (vishikio vya injini) na gia boksi. Lifungwe kwenye fremu. La pili ni kulifanya zima bila matundu. Tope linajaa kati ya bamba na sufuria ya oili, oili inakosa upepo, na kilo 20 za udongo zinasafiri bure. Matundu yawe makubwa ya kupitisha vidole viwili, na baada ya kila kipande cha matope sukuma fimbo humo. Nyasi kavu zilizonasa karibu na bomba la ekzosi huwaka. Zitolewe kwa mkono.

Shokapu hufa kwa joto la mbavu za barabara. Ndani kuna oili inayopita kwenye tundu dogo. Ikichemka inakuwa povu na kazi inakwisha. Ishara ya kwanza ni gari kuendelea kuruka mara tatu nne baada ya tuta. Waliojiandaa walifunga shokapu mbili kwa kila gurudumu la nyuma, au walibeba akiba. Springi ya majani ikikatika jani kuu, ekseli inahama na gari linakwenda upande kama kaa. Msaada wa njiani ni kuikaza kwa waya mnene na kipande cha chuma, na kumaliza kipande kwa kilometa 40 kwa saa. Fundi wa karakana alikuwa na faida hapa ambayo haiandikwi: wateja wake walikuwa wamekwisha kumwonyesha, mwaka mzima, ni jani lipi hukatika, nati ipi hulegea, bush ipi haifiki kilometa 5,000. Aliibadili kabla haijamwambia.

Mito. Kabla ya kuingia maji yanayofika kwenye ekseli au zaidi, legeza mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye distributa wala kujipinda na kukata rejeta. Distributa ivikwe mpira na nyaya zipakwe grisi. Ingia polepole, gia ya kwanza, bila kubadili gia katikati, ukishikilia mvumo ili maji yasirudi kwenye ekzosi. Injini ikizima majini, usipige stata ovyo: maji yakiwa yameingia silinda hayagandamiziki, na koneta, ule mkono wa pistoni, inapinda. Fungua plagi zote, zungusha injini maji yatoke, ndipo uwashe. Ukivuka, endesha meta 200 ukiwa umegusa breki kidogo ili dramu zikauke. Na urudishe mkanda wa feni! Kuusahau ni kosa lililoua injini nyingi, kilometa 15 baada ya mto, dereva akishangilia kwamba amevuka.

Mtu wa kiti cha pembeni

Msoma ramani alikuwa na kitabu cha njia, saa, na mara nyingi Halda, kifaa cha Sweden kinachopima umbali kwa usahihi. Halda huchukua mzunguko kutoka kwenye kebo ya spidomita, na kebo hiyo, kwa magari mengi, hutoka kwenye gia boksi. Hapo ndipo mtego ulipo. Magurudumu yakizunguka bure kwenye tope, kifaa kinahesabu umbali ambao gari halijakwenda. Baada ya kilometa 20 za utelezi wa Mufindi, kifaa kinaweza kuwa mbele ya ukweli kwa kilometa nzima, na njia panda inayofuata inatafutwa mahali isipo. Msoma ramani mzuri alisahihisha hesabu kwenye kila daraja au kanisa lililoandikwa kitabuni, na alipima kifaa kabla ya mashindano kwa tairi zilezile na upepo uleule wa kushindania, kwani tairi jipya lenye kashata ndefu lina mzunguko mkubwa kuliko lililolika.

Kazi yake nyingine ilikuwa ni tairi. Magari yalibeba matairi mawili ya akiba. Watu wawili waliofanya mazoezi hubadili tairi kwa dakika 3 hadi 4. Wasiofanya, dakika 10. Tofauti hiyo, mara tatu katika mashindano, ni pointi 18 au zaidi, na hakuna injini inayoweza kuzirudisha. Jeki iwe na kibao cha mbao cha kutandika chini yake, la sivyo kwenye udongo wa Usangu itazama yenyewe badala ya kunyanyua gari.

Kilichoibadili ridhaa

Mambo kadhaa yalikuja karibu pamoja. Lami ni moja. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake mwaka 1965, mafuta ya Zambia yalipita kwa malori kwenye barabara hii ya Iringa na Mbeya, iliyokuwa ya vumbi na matope. Ilivuma kwa ubaya wake kiasi cha kuitwa njia ya jehanamu. Ujenzi wa barabara kuu ya lami ya Tanzania na Zambia ulifuata, na mapema miaka ya 1970 mstari mkuu ulikuwa umekamilika. Mkulima akapata njia nzuri ya kupeleka mazao, jambo jema kabisa, na dereva akapoteza darasa lake la kila siku, isipokuwa kwenye barabara za pembeni.

Viwanda navyo vilijifunza. Vilileta ndege za kuchungulia njia, magari ya vipuri kila kituo, na mafundi wengi. Gari lililoharibika halikuhitaji tena dereva anayejua kulitengeneza. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, Safari ikabaki ndani ya Kenya kuanzia katikati ya muongo huo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa. Vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya tairi kuwa mali ya kutafutwa kwa barua. Mbio hazikufa: vilabu viliendelea, na mpaka leo kuna Mkwawa Rally, ambamo wafanyabiashara na mafundi bado hukaa usukanini. Magari yao ni ya magurudumu manne yanayosukuma, yenye taboo inayojaza hewa ile iliyopungua, na vipande vyao ni vifupi, barabara ikiwa imefungwa. Mtihani umebadilika sana. Mwenye mbio sasa hulipwa kwa kila sekunde.

Jumanne asubuhi

Kwa mwenye 404 au Volkswagen ya zamani anayetaka kuipeleka kwenye njia hizi, au anayetaka tu kuelewa kazi ya mtu wa wakati ule, utaratibu wa baada ya mashindano una uzito sawa na wa kabla, maana gari lilirudi kazini. Osha chini kwanza, ukitumia maji mengi bila presha kubwa kwenye bearingi. Mwaga oili ya injini ikiwa ya moto na uipitishe kwenye kitambaa cheupe: chembe za rangi ya shaba zinatoka kwenye bearingi za kranki, chembe zinazovutwa na sumaku ni chuma. Fungua kifuniko cha difu. Oili iliyokuwa kama chai ya maziwa imeingia maji mtoni na itakula gia kimyakimya ikibaki wiki mbili. Toa dramu zote nne, piga vumbi, angalia mipira ya silinda za breki. Grisi kila nipo mpaka ya zamani itoke na tope lake. Kaza nati za springi gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, wala si likiwa juu ya jeki. Geuza bamba la chini uone lilipogongwa, kwa sababu juu ya kila mahali palipobonyea huenda kuna bomba la breki au la mafuta lililosukumwa. Rudisha jeti ya kila siku, rudisha taimingi, kwa 404 badilisha mpira wa kifuniko cha rejeta hata kama bado unaonekana mzima, na jaza tangi.